Jibu: Mji wa kuishi bila gari karibu na Washington

Dada, umeuliza kama kuna mji mdogo karibu na Washington ambako wewe na watoto mnaweza kuishi bila gari. Nenda kautazame Takoma Park, Maryland. Ulianzishwa mwaka 1883 kando ya reli, enzi ambazo watu walitembea kwenda stesheni, na umbo hilo limebaki. Kutoka maduka ya Carroll Avenue hadi treni ya Metro, laini nyekundu, ni dakika chache kwa miguu. Kila Jumapili kuna soko la wakulima, hata baridi ikikaza. Watoto wataipenda njia ya kijito cha Sligo, ina miti tele.

Miaka ya 1960 wakazi waliipinga barabara kuu iliyotaka kuupasua mji, mpaka mpango ukafutwa. Nawaheshimu sana kwa hilo. Tena, mkazi asiye raia anapiga kura katika uchaguzi wa mji, na tangu 2013 hata kijana wa miaka 16.

Sikufichi, nyumba ni ghali. Anzia kwenye fleti za Maple Avenue, na uulize kama jengo linabanwa na sheria ya mji inayodhibiti upandishaji wa kodi ya pango.