Umenunua sipiyu mpya? Kioo, kibodi na printa yako bado vina kazi

Msomaji wa Morogoro ameniandikia. Kompyuta yake haikubali Windows 11, na Windows 10 iliachwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, basi kajinyima akanunua sipiyu, lile boksi la kompyuta lenyewe, ya mtumba yenye nguvu zaidi. Muuzaji kamwambia vifaa vyake vyote vya zamani ni vyuma chakavu, achukue seti kamili. Anauliza kama ni kweli.

Si kweli, ndugu yangu. Na maneno hayo yananichoma mpaka leo, maana niliambiwa vilevile Kariakoo, mbele za watu, nikiwa nimekumbatia kioo changu cha inchi 19. Kijana wa dukani hakutaka hata kukichomeka kwenye umeme. Nililipia sipiyu peke yake nikaondoka. Kioo hichohicho ndicho ninachokitazama ninapoandika haya.

Kilikuwa na tundu la VGA tu, lile la pini 15, na sipiyu mpya ina HDMI na DisplayPort, matundu ya kioo ya siku hizi. HDMI inatoa ishara za dijiti, VGA inapokea za analogia, kwa hiyo waya mtupu wenye vichwa viwili tofauti hauwezi kukusaidia. Tafuta adapta yenye saketi ya kubadilisha ishara ndani yake, na useme wazi kwamba unatoka HDMI kwenda VGA, kwa sababu ya kinyume chake ipo na haitakufaa. Kisha kwenye mipangilio ya kioo weka idadi ya nukta za picha (resolution) iwe 1280 kwa 1024 kama kioo chako ni cha umbo lile la karibu mraba. Maandishi yatanyooka.

Kibodi yenye kichwa cha duara cha zambarau ni ya PS/2, tundu la zamani la kibodi. Kile kiadapta kidogo cha bei rahisi hufanya kazi kwa kibodi zilizoundwa kuelewana na USB pia. Nyingine zinahitaji kigeuzi chenye chipu. Yangu ilihitaji chipu, nikainunua, na sijutii: vibonye vya siku hizi havina uzito ule.

Ila printa ndiyo fahari yangu. Ni HP LaserJet 1200, ina tundu la LPT, lile pana la printa za zamani, na la USB. Niliambiwa Windows 11 haitaitambua. Windows 11 ni ya biti 64 pekee, kwa hiyo draiva (programu zinazoiunganisha kompyuta na kifaa) za biti 32 za enzi za Windows XP kweli hazikubali. Lakini printa hii inaelewa PCL, lugha ya kuiamrisha printa ambayo draiva ya jumla ya HP inaizungumza. Nikaiweka, nikabonyeza, karatasi ikatoka. Mitihani ya watoto wa tyusheni mtaani kwetu inachapwa hapo hadi sasa.

Tuache kuwapa watu pesa zetu kwa sababu wametuaibisha. Uliza tundu, uliza draiva, ndipo ufungue pochi. RAM, kumbukumbu ya kompyuta, ya kizazi cha DDR3 haiingii kwenye nafasi ya kizazi cha DDR4, hapo usibishane na mtu. Diski ya sipiyu yako ya zamani, kama ni ya kiunganishi cha SATA, itie kwenye kasha la USB, picha zako zote zimo.

Wewe wa Morogoro, nitumie jina na namba ya modeli ya printa yako, iko kwenye kibandiko cha nyuma. Kama inaelewa PCL au PostScript, lugha nyingine ya printa, usinunue nyingine.