Mnaoniuliza Tokyo Nilifikia Wapi: Setagaya

Wiki iliyopita dada mmoja, muuguzi wa Mwanza, aliniandikia: "Shikamoo dada. Nimeona picha zako za Japani. Mimi na mume wangu tunajichanga twende Desemba, ila hatutaki umati na mataa ya Shibuya. Tunataka tukae mtaani, tuone watu wanavyoishi. Tuanzie wapi?" Nilianza kumjibu kwa sauti, nikajikuta naongea mpaka simu inalia chaji, nikaona bora niandike, maana mnaoniuliza hivyo ni wengi.

Naanza na kinachoniuma mpaka leo. Nilipotaka kupanga safari ile nilikwenda kwa wakala mmoja wa safari hapa Dar, jina namsitiri. Kijana amekalia kiti cha kuzunguka, kiyoyozi kinampuliza. Nikamwambia nataka kukaa Setagaya. Akabofyabofya kompyuta yake, akanitazama. "Mama, huku hakuna kitu. Ni nyumba za watu tu." Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia nauza mitumba Karume. Akacheka kwa puani, kile kicheko cha mtu anayedhani hujakisikia, kisha akanisogezea karatasi ya safari ya kundi: Shibuya, minara, Mlima Fuji kwa basi kwenda na kurudi, na kulala Shinjuku siku zote.

Nilimuaga kwa adabu. Safari nikaipanga mwenyewe, kwa simu hii hii ninayopokelea oda.

Sasa niwaambie muuza mitumba anafuata nini Setagaya. Tokyo ya kati imegawanywa wilaya 23, na Setagaya, upande wa magharibi, ndiyo yenye wakazi wengi kuliko zote, zaidi ya laki tisa. Zamani palikuwa mashamba. Tetemeko kubwa la 1923 lilipobomoa na kuchoma sehemu kubwa ya jiji, watu wengi walihamia huku kujenga, wakifuata reli mpya. Kwa hiyo kijana yule hakudanganya: ni nyumba za watu. Ila katikati ya nyumba hizo kuna soko linaitwa Boroichi. Mwaka 1578 Hojo Ujimasa, mtawala wa eneo lile, alifungua soko hapo akaamuru wafanyabiashara wasitozwe ushuru. Nyie mnaokimbizana na mgambo wa ushuru, someni tena sentensi hiyo. Ukoo wake ulipoanguka mwaka 1590 soko likapungua, likabaki la mwisho wa mwaka, na baadaye likapata jina kwa nguo kuukuu na matambara. Wakulima walinunua vitambaa wakatilie viraka nguo za shamba, na vingine wakavisukia pamoja na majani ya mpunga kwenye kandambili ili zidumu. Mitumba hiyo, jamani! Na mpaka leo soko lipo, tarehe 15 na 16 Desemba, kisha tarehe 15 na 16 Januari, vibanda kama 700 vimejipanga barabarani karibu na kituo cha Kamimachi.

Mimi nilifika mapema, kabla watu hawajabanana. Kuna vyombo vya udongo, saa mbovu, miche ya maua, vinyago, na masanduku kwa masanduku ya kimono kuukuu, yale mavazi ya asili ya Kijapani. Nilisimama kwenye kibanda cha mzee mmoja nikavuta kimono ya hariri, nikaigeuza ndani nje, nikakagua mshono wa kwapani, nikanusa kola, nikainyoosha juani kutafuta vitundu vya nondo. Ndivyo ninavyofanya kila robota linapofunguliwa. Nilipoinua macho mzee ananitazama, anatabasamu. Akaiondoa ile mikononi mwangu taratibu, akainama chini ya meza na kuniletea nyingine, nzuri kuliko zote zilizokuwa juu. Hatukuwa na neno hata moja la kuelewana. Aliandika bei kwenye kikokotoo, nikaandika yangu, akacheka, akaandika nyingine. Ametambua mwenzake wa kazi. Hilo hakuna wakala angeweza kuniuzia, na nimelisimulia mara nyingi mpaka watoto wangu wakiona naanza wanatoka sebuleni.

Kwa hiyo, dada wa Mwanza, ushauri wangu wa kwanza: panga tarehe kwa kalenda ya mtaa, siyo kwa ofa ya ndege. Mtaa uliotulia una siku zake chache za kuchangamka, na ukizikosa utakuta kweli ni nyumba za watu tu. Desemba na Januari ni Boroichi. Februari nenda bustani ya Hanegi pale Umegaoka, kuna miti ya mpulamu mamia kadhaa inayotoa maua huku baridi haijaisha. Mwisho wa Machi kuelekea Aprili ni maua ya cheri, nenda Kinuta, ni bustani pana ambapo familia zinatandika mikeka. Julai na Agosti ni joto la kukunyonya mwili, usidhani kwa kuwa umekulia pwani utalimudu. Desemba wakati mwingi jua linawaka ila hewa ni kavu na asubuhi baridi inauma, beba mafuta ya kujipaka, midomo inapasuka.

Ushauri wa pili: chagua reli moja, zunguka kwa hiyo hiyo. Setagaya ina kitreni chake cha mabehewa mawili, Setagaya Line, kutoka Sangenjaya mpaka Shimotakaido. Ni kilomita 5 na vituo 10, nauli ni moja popote uendapo. Kinapita nyuma ya majiko ya watu, unaona nguo zilizoanikwa, baiskeli za watoto, bibi anamwagilia maua. Kinapokaribia Wakabayashi kinakutana na barabara kubwa ya magari, na kinasimama kusubiri taa kama daladala. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Treni ya Japani, inayosifiwa dunia nzima, imetulia inasubiri taa iwake!

Kwenye reli hiyo kuna habari ambayo vitabu vya watalii vinaipita haraka. Shuka kituo cha Shoin-jinja-mae, tembea dakika chache utaona hekalu la Yoshida Shoin. Huyu alikuwa mwalimu, aliuawa mwaka 1859 katika msako wa wapinzani wa serikali, na aliyekuwa akiendesha msako huo ni Ii Naosuke. Mwaka uliofuata, 1860, Naosuke naye akauawa kwa upanga nje ya lango la ngome ya Edo, jina la zamani la Tokyo. Sasa rudi kwenye treni, vituo vichache mbele shuka Miyanosaka, ingia hekalu la Gotokuji. Kaburi la Ii Naosuke liko humo. Aliyeamuru na aliyeuawa makaburi yao yako mtaa mmoja, na kitreni kile kile kinawapitia wote wawili kutwa nzima.

Watu wengi wanaenda Gotokuji kwa ajili ya paka. Inasimuliwa kwamba paka wa hekalu alimpungia mkono bwana Ii Naotaka, mhenga wa huyo Naosuke, akaingia ndani na kuepuka radi. Siku hizi waumini wanaweka vinyago vyeupe vya paka aliyeinua mkono wa kulia, vimejaa rafu kwa rafu. Piga picha zako, lakini kwa sauti ya chini, ni sehemu ya ibada na makaburi. Nilikuta wageni fulani wamekaa kwenye ngazi wanatafuna huku wamefungulia muziki kwenye simu. Niliona aibu kwa niaba ya mama zao.

Malazi ndiyo yatakayowasumbua. Hoteli Setagaya ni chache, na nyumba za kupanga siku mbili tatu zimebanwa na sheria. Tangu Juni 2018 nyumba ya mtu binafsi inaruhusiwa kupokea wageni siku zisizozidi 180 kwa mwaka, tena lazima isajiliwe. Setagaya wamekaza zaidi: kwenye maeneo yaliyotengwa kwa makazi, siku za kazi nyumba hizo kwa kawaida hazipokei wageni, labda mwisho wa wiki na sikukuu. Ukiona tangazo la nyumba bila namba ya usajili, hata kama bei inavutia, achana nalo. Tafuta kando ya Sangenjaya au Shimokitazawa, au hoteli Shibuya karibu na kituo, kisha asubuhi unapanda treni kuja mtaani. Treni za asubuhi kuelekea mjini zinajaa mpaka unashindwa kuinua mkono, lakini wewe unakwenda kinyume na umati, utakaa.

Shimokitazawa naitaja kwa uchungu wa kikazi. Maduka ya mitumba yamejaa uchochoro mzima, wenyewe wanayapanga kwa muongo na kwa rangi. Nilikuta jaketi la jinzi la Kimarekani, kola imechakaa, kifungo hakipo. Pale kwangu lingekaa kwenye lile fungu la mwisho la jioni. Kwa bei yake ya kule ningefungua robota zima. Nililipiga picha nikamtumia mwenzangu wa meza ya pili, akanijibu neno moja tu, siliandiki hapa.

Ushauri wa tatu ni ule ule wa pili: usihame reli yako. Anwani za kule hazifuati majina ya barabara, zinafuata namba za mtaa, za kitalu na za nyumba, na njia nyingi za Setagaya ni zile zile za mashamba ya zamani, zinapinda na kuishia ukutani. Ramani ya simu itakusaidia, na ikikushinda tafuta kibanda cha polisi, wanakiita koban, askari atatoa ramani na kukuonyesha kwa kidole. Wamezoea kuulizwa njia. Nunua kadi ya Suica au Pasmo uijaze pesa, inalipa treni, basi na hata chai ya chupa. Lakini sokoni na kwenye vijiduka beba pesa taslimu. Mashine za Seven-Eleven zinakubali kadi za nje. Plagi zao ni pini mbili bapa na umeme ni volti 100, kwa hiyo pasi yako iache nyumbani.

Waislamu wenzangu mnaoniuliza chakula: msikiti mkubwa wa Tokyo Camii uko Yoyogi-Uehara, njia ya treni ya Odakyu, ile ile inayopita Gotokuji na Shimokitazawa. Ulijengwa mara ya kwanza 1938, huu wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Ndani kuna duka la vyakula halali. Na Mtanzania akipotelewa pasipoti asitapetape, ubalozi wetu uko Kamiyoga, ndani ya Setagaya hiyo hiyo ambayo "haina kitu". Wakenya wa kwao uko Yakumo, wilaya jirani ya Meguro.

Niliporudi, kwenye kundi la familia nilitupia picha: kitreni, kibaraza chenye vyungu, mzee wa kimono amesimama kama anapigiwa picha ya pasipoti. Binamu yangu akaandika, "Tokyo gani haina ghorofa?" Wengine wakaweka vicheko. Sikujibu siku ile, najibu leo. Sangenjaya kuna jengo linaitwa Carrot Tower, ghorofa ya 26 unapanda bure, ukikuta anga safi unauona Mlima Fuji na theluji yake, bila basi na bila tiketi. Picha ninayo. Sikuitupia kundini kwa makusudi.

Tatizo letu, ndugu zangu, tunasafiri kwa macho ya watu. Mtu anachangisha miaka, anakopa kwenye kikoba, anafika, anakimbizwa na basi kutoka lango hili kwenda lango lile, anarudi na picha mia nne na hajui hata siku ya kutoa takataka. Mimi naijua. Mtaani pale takataka zinazoungua zina siku zake, chupa na makopo siku zake, unaziweka asubuhi chini ya wavu ili kunguru wasizichangue. Ukikaa nyumba ya mtu ukakosea, majirani watamlaumu mwenyeji wako, siyo wewe. Usiburute sanduku la magurudumu uchochoroni usiku. Usipige picha watoto wa shule, wala mlango wa mtu hata kama una maua mazuri. Usiongee na simu ndani ya treni. Najua mtasema nahubiri. Ndiyo, nahubiri, maana mkivuruga nyie, mimi nikirudi nitatazamwa kwa jicho hilo hilo.

Mwisho, viza, dada wa Mwanza, kwa sababu mume wako ameshanitumia ujumbe mara mbili. Viza ya kuingia mara moja inadumu miezi mitatu tangu itolewe, kwa hiyo kwa safari ya Desemba msikimbilie kuomba mwezi wa saba. Kwenye ile fomu ya ratiba jazeni siku kwa siku: mtakuwa wapi, mtalala wapi, simu ya hoteli. Mimi niliandika "Setagaya" karibu kila mstari, na tarehe 15 nikaandika "soko la Boroichi, Kamimachi". Nikapewa. Nauli kulingana na mkoba wenu, hakuna ndege ya moja kwa moja, mtaunganisha Dubai, Doha au Addis Ababa. Wakala sina wa kuwaelekeza.