Ile 1,500 ya LUKU ni deni la mwenye nyumba

Dada, hiyo shilingi 1,500 unayouliza, inayokatwa kila mwezi ukinunua umeme wa LUKU (wa kulipia kabla), ni kodi ya jengo, na kisheria ni ya mwenye nyumba. Mpangaji unailipa tu kwa sababu mita iko mkononi mwako. Ilianza kukatwa kwenye LUKU Agosti 2021 ikiwa 1,000, ikapanda 2023 hadi 1,500: nyumba ya kawaida 18,000 kwa mwaka, ghorofa za mjini 90,000 kwa kila sakafu.

Mimi nimepanga Kiseke, Mwanza, huku kwenye nyumba za familia, na tulimalizana na mzee mwenye nyumba siku ya kulipa kodi ya pango ya miezi sita: 1,500 mara sita, 9,000, akaitoa palepale. Alinung'unika kidogo, lakini nilikuwa na zile meseji za tokeni kwenye simu, kila moja inaonyesha kilichokatwa. Usizifute, ndiyo risiti yako.

Ila angalia mkataba kwanza. Kama mliandikishana kwamba tozo zote za umeme ni zako, hapo huenda umejifunga mwenyewe. Na ukihamia nyumba iliyokaa tupu (huku Mwanza, Buswelu zipo nyingi mpya, zinamaliziwa na kusubiri mtu), nunua umeme wa hela ndogo kabla hujatoa kodi ya pango. Makato ya miezi ya nyuma hulimbikizwa, yanashuka yote kwa anayenunua wa kwanza. Jirani yangu aliweka 10,000 akapata uniti za kuchemshia chai.