Paji la uso linang'aa kama sufuria jipya

SWALI: Shikamoo fundi. Mi narekodi intavyuu za wajasiriamali kwa simu, nina taa moja tu ya LED ya stendi, sasa kila nikiiwasha mtu anang'aa paji la uso afu ukutani nyuma yake kinatokea kivuli kikali kama kuna mwenzie kajibanza pale. Softiboksi (lile boksi la kitambaa linalovishwa taa kulainisha mwanga) nimeulizia bei dukani nikaondoka kimya kimya. Nifanyeje? (Msomaji, Sinza)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Taa yako haina kosa, ni ndogo tu. Mwanga unakuwa laini ukitoka sehemu kubwa, ndo maana siku ya mawingu kila mtu anatoka vizuri kwenye picha, anga zima limekuwa taa. Chukua shuka jeupe lisilo na maua, lianike kwenye kamba kwa vibanio, taa ikae nyuma yake kama mita 1 hivi mpaka mwanga ujae shuka lote, na mtu wako akae karibu nalo kadiri fremu inavyoruhusu, maana ukilipeleka mbali linageuka dogo tena na ule ukali unarudi. Chandarua usihangaike nacho, nilishajaribu, mwanga unapita kwenye matundu kama hakuna kitu. (Zile taa za halojeni zinazochoma usizisogezee kitambaa kabisa, utaunguza nyumba ya watu.)

Huna shuka la ziada? Geuzia taa ukutani mwanga umrudie. Ila cheki rangi ya ukuta, kuna mama ntilie nilimrekodi kwenye chumba cha kijani akatoka kama anaumwa, tukarudia yote. Hata lile povu jeupe la kwenye boksi la TV linafaa.

Kivuli dawa yake ni kumtoa mtu ukutani mita 2 hivi, taa iwe pembeni na juu kidogo ya macho yake, kivuli kitaangukia nje ya fremu. Na huko kung'aa, tuseme ukweli, nusu ni joto la Dar: feni umeizima ili sauti iwe safi, mtu wa watu anachuruzika jasho. Kaa na tishu, mfute kila baada ya maswali mawili matatu.

Ukiona mistari inatembea kwenye video, shata (muda kamera inaopokea mwanga kwa kila picha) iweke sekunde 1/50 au 1/100, maana umeme wetu ni wa hezi 50 na taa inapepesa kwa kuufuata.