Gurudumu zito na maumivu ya kiuno

SWALI: Nina Land Cruiser, na kila ninapobadilisha gurudumu nyumbani kiuno huniuma hadi kesho yake. Je, ipo njia ya kulipachika bila kulibeba? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, gurudumu la gari kama lako, tairi na rimu yake pamoja, huweza kufikia kilo 30 au zaidi, lakini kinachoumiza kiuno si uzito peke yake, bali ni kuunyanyua ukiwa umeinama na mikono umeinyoosha mbele. Kwa hiyo usilinyanyue. Ukishavuta breki ya mkono, kuweka mawe kwenye magurudumu mengine na kulegeza nati gari likiwa bado chini, pandisha jeki kwa kiasi kinachotosha tu gurudumu lenye upepo kamili kuingia, kwa sababu kila sentimita ya ziada utailipa kwa mgongo wako. Lisukume likiwa limesimama, kisha upige goti karibu nalo, upenyeze mtaimbo au ubao imara chini ya tairi, na uubonyeze huku mkono mwingine ukilizungusha hadi matundu yaelekeane na skrubu zake. Miguu isiingie kamwe chini ya gari.

Nati zilizokaza nazo huumiza wengi (mafundi wa gereji hupenda kuzikaza kupita kiasi): chomeka bomba kwenye spana ili mpini urefuke, kisha ukandamize kuelekea chini kwa uzito wa mwili, badala ya kuvuta kwenda juu.