Kwa nini Epacris hukauka ukishaipanda

Mkuu, umesema ulinunua kichaka cha maua kiitwacho Epacris impressa kwenye kitalu hapo Melbourne, Australia, ukakichimbia shimo, ukajaza samadi kama tulivyozoea nyumbani, na kikakauka kikiwa na maua yake. Tena unauliza kama upeleke mbegu zake nyumbani Arusha. Nami nipo huku huku jimbo la Victoria na ninacho mlangoni, acha nikujibu.

Samadi ndiyo iliyokiponza. Kichaka hiki kwao ni nyika za vichaka vifupi na misitu ya mikaratusi iliyo wazi, kwenye udongo wa kichanga wenye tindikali na usio na rutuba. Nenda hifadhi za huku, Grampians au Wilsons Promontory, ukakione, mara nyingi hakikufiki kiunoni. Mizizi yake ni myembamba mno, imekaa juu juu, na inasaidiana na kuvu wanaoitafutia chakula kwenye ufukara huo. Ukiitikisa wakati wa kupanda, au ukiiacha ikauke siku moja ya joto kali, umekipoteza.

Changu kipo kwenye chungu chenye matundu, mchanga wa chenga umechanganywa na udongo wa mimea ya asili ya huku, juu nimetandaza kokoto. Kinapata jua la asubuhi. Maji kidogo kidogo, ila pasikauke kabisa. Maua yakiisha nakatia karibu nusu, bila huruma, la sivyo kinabaki fito tupu. Mbegu zake ni vumbi, usihangaike nazo. Otesha vipandikizi vya ncha za matawi.

Huchanua zaidi baridi ikiingia hadi majira ya kuchipua, meupe, ya waridi au mekundu. La waridi ndilo ua rasmi la Victoria tangu 1958. Shika ua moja ulitazame: mrija mwembamba, na karibu na kitako chake vishimo vitano vidogo vimebonyea. Kuna ndege wa mdomo mrefu uliopinda anayekuja kufyonza, utadhani chozi wetu.

Porini usichume, na ukitoka matembezini safisha viatu kwenye vituo vya brashi. Udongo wa soli ndio unaosambaza Phytophthora cinnamomi, kimelea cha udongoni kinachoozesha mizizi, na hakina tiba ya maana.

Hilo la kupeleka mbegu Arusha liache. Kilimanjaro, juu ya msitu, tuna vichaka vyetu vya Erica, ukoo huo huo.