Nadhiri ya baba, deni la mtoto?

*Somo, shikamoo. Mimi na mume wangu ni Wakatoliki, tunakaa Barani, Malindi. Mwanetu wa kwanza yuko Gredi ya 9. Alipokuwa na miaka miwili alishikwa na degedege, na usiku ule hospitalini baba yake aliweka nadhiri: akipona, atamtoa awe padri. Akapona. Sasa baba ameshamtafutia nafasi seminari ndogo, ile shule ya wanaotazamia upadri. Kijana anatumikia altare kila Jumapili na hajawahi kukataa, lakini Jumamosi yuko ufuoni kwa mjomba wake akifungua mashini za boti, na ameniambia mimi peke yangu kwamba anataka uhandisi wa meli. Baba anasema Hana wa kwenye Biblia alimtoa mwanawe Samweli kwa Mungu bila kumuuliza. Nikimtetea mtoto naogopa kumdhulumu Mungu. Nikinyamaza naona namuuza mwanangu. Nifanyeje?*
*Mama Kifungua Mimba*

Marahaba, mwanangu. Kwanza nikutue mzigo: Mungu humdhulumu kitu. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 1193, zinasema nadhiri humfunga yule aliyeiweka, basi. Aliyenena usiku ule ni mumeo. Mtoto alikuwa hajui hata kufunga vifungo vya shati. Na kanuni ya 1026 ni kali zaidi: ni marufuku kabisa kumlazimisha mtu, kwa namna yoyote na kwa sababu yoyote, kupokea daraja takatifu, yaani kupewa upadri. Sababu yoyote, hata nadhiri ya baba.

Lakini usiende kumrushia mumeo kanuni hizo usoni. Mwanamume aliyemshika mwanawe akikakamaa kwa degedege, akaona hana la kumpa Mungu ila mtoto mwenyewe, huyo si dhalimu. Nadhani anaogopa. Anaogopa kwamba asipolipa, alichorudishiwa kitachukuliwa tena, na hofu kama hiyo haiondoki kwa mabishano ya jikoni. Inataka mtu ambaye neno lake atalipokea, na hapa mtu huyo ni paroko, padri mkuu wa parokia yenu. Paroko ana mamlaka ya kumfungulia nadhiri kukiwa na sababu ya haki. Tena mumeo mwenyewe anaruhusiwa kubadili alichoahidi kwa tendo jingine jema, lililo sawa au kubwa zaidi. Amsomeshe kijana mwingine aliyeitwa na hana karo. Ajitoe yeye kufundisha katekisimu kigangoni. Aende kwa paroko kwa miguu yake, wewe umsindikize mpaka mlangoni.

Kuhusu Hana, mumeo amesoma sura ya kwanza ya Samweli wa Kwanza akafunga kitabu. Katika sura ya pili Hana anashona kanzu ndogo kila mwaka na kumpelekea mwanawe. Nadhiri ilimgharimu yeye aliyeiweka. Katika sura ya tatu Samweli anaitwa usiku, kwa jina lake. Mara tatu anamkimbilia kuhani Eli, mara ya nne anaitika mwenyewe. Wakati huo Hana hayupo hata karibu.

Na sisi wa Malindi tuna mfano wa nyumbani. Mtakatifu Francis Xavier, aliyetua hapa mwaka 1542 akielekea Goa, aliweka nadhiri zake Paris mwaka 1534, akiwa na miaka 28. Hakuwekewa na mtu.

Sasa wewe. Kijana amekutolea siri, nawe umeikalia. Hapo sikuungi mkono. Baba anamwona mwanawe kila Jumapili na kanzu nyeupe, ametulia, anagonga kengele kwa wakati wake. Atajuaje kwamba moyo uko kwingine? Nyinyi wawili mnamwogopa, halafu mnamlaumu kwa kutojua. Zungumza na kijana, umwambie siku imefika ya kusema, na atasema kwa kinywa chake. Wewe uwepo, lakini usiwe msemaji wake. Kama nyumbani kugumu, mumeo apite ufuoni Jumamosi moja, amkute kijana ameinamia mashini. Baba akiona mikono ya mwanawe inavyofanya kazi, mazungumzo huanza yenyewe.

Katekisimu ya Kanisa, namba 2230, inawataka wazazi wasiwashinikize watoto waliokomaa katika kuchagua kazi wala mchumba. Haijawaziba mdomo, ushauri ni haki yenu, na mtoto anatakiwa autafute kwenu. Na wenu bado hajakomaa, kwa hiyo shule mtachagua pamoja naye.

Mimi seminari ndogo siiogopi. Ni shule ya sekondari, na wako waliotoka huko wakawa walimu na madaktari. Ninachokiogopa ni mtoto kupelekwa kama malipo. Akikubali kwenda, baba atamke mbele yake kwamba akimaliza Gredi ya 12 ataamua mwenyewe, bila kununiwa. Kabla ya hapo ulizeni jambo moja wazazi wengi wanalisahau: mkondo. Sekondari ya juu ina mikondo mitatu: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), Sayansi ya Jamii, na Sanaa na Sayansi ya Michezo. Uhandisi wa meli unapitia STEM. Akiikosa fizikia sasa, uhuru mtakaompa baadaye utakuwa wa mdomo tu.

Wala usidhani grisi na altare ni maadui. Huenda wito anao, huenda hana. Mimi na wewe hatujui. Jimbo letu la Malindi linafika mpaka visiwa vya Lamu, na padri anayejua la kufanya mashini ikizimika katikati ya mkondo wa maji, waumini wake wangemshukuru sana.

Niandikie baada ya Jumamosi hiyo. Na mjomba amtafutie kijana ovaroli kuukuu, maana nina hakika mashati ya shule unayafua wewe.